Ukiendesha Marekani, usikariri spidi moja

Kwa mnaoanza kuendesha Marekani: hakuna kikomo kimoja cha nchi nzima. Kile cha maili 55 kwa saa kilichowekwa 1974 kilifutwa 1995, na sasa kila jimbo linajipangia. Kwenye I-10, mojawapo ya Interstate, yaani barabara kuu zinazounganisha majimbo, magharibi mwa Texas kuna sehemu unaruhusiwa 80, yaani kama kilomita 129. New York mwisho ni 65, Hawaii 60.

Interstate wala haisumbui. Kazi iko kwenye barabara za majimbo na zile za zamani zenye alama ya U.S., maana zinapita katikati ya miji midogo. Unakuja na 65, mara 45, mara 35, na askari kajibanza nyuma ya kituo cha mafuta. Kikomo kipya kinaanza pale pale kibao kiliposimama, si mbele yake, kwa hiyo toa mguu kwenye mafuta mapema, mara tu uonapo kibao cha kukuonya kwamba spidi inashuka.

Rangi nayo itazame. Kibao cheupe ni sheria. Cha njano chenye namba, kwenye kona au njia ya kutokea, ni ushauri tu, ila mvua ikinyesha mimi naufuata bila ubishi.

Na simu ikizima, soma namba za Interstate: shufwa huenda mashariki–magharibi, witiri kaskazini–kusini. Yenye tarakimu tatu inayoanza na shufwa, kama I-495 ya Washington, kwa kawaida inazunguka mji.