Kufufua miche ya parachichi iliyosafirishwa kwa basi wakati wa masika

Miche ya parachichi aina ya Hass inayobebeshwa (kuunganishwa kitawi cha Hass, yaani kikonyo, juu ya shina la parachichi jingine) katika vitalu vya Njombe husafiri kwa basi hadi stendi ya Msamvu, Morogoro, kisha sisi wa Mgeta huipandisha milimani kwa gari jingine. Mtu anapoagiza kwa simu kati ya Machi na Mei, masika yakiwa yamekolea, miche humfikia imelowa chapachapa, imebanana ndani ya boksi, tena imekaa gizani siku moja au mbili. Akiiona imelegea, huidhania ina kiu, naye huchota maji na kuimwagilia. Nami nilifanya hivyo mara ya kwanza, na katika miche 30 nikabaki na 17.

Mzizi nao huhitaji hewa, ambayo huipata katika nafasi ndogondogo zilizomo ndani ya udongo. Nafasi hizo zikijaa maji, mzizi hukabwa, ukashindwa kunyonya hata maji yaliyouzunguka, ndiyo maana majani hunyauka ilhali kiriba, yaani mfuko wa udongo wenye mche, kinachuruzika. Parachichi huathirika haraka kuliko miti mingi ya matunda, na udongo uliotuamisha maji huupa nafasi ugonjwa wa kuoza mizizi, ambao vimelea vyake huogelea ndani ya maji hayo kutoka mzizi mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo kazi ya siku za mwanzo ni kuutoa mche majini, na ndoo inaweza kusubiri.

Fungua boksi siku hiyohiyo, hata kama umefika nyumbani usiku. Piga picha za miche kabla hujaigusa, kwa kuwa mwenye kitalu atazihitaji ukidai fidia. Toa kila mche kwa kushika kiriba, usivute shina, maana mahali ulipobebeshwa huweza kubanduka kwa mvuto mdogo tu. Laza kiriba kwa mshazari kwa muda wa nusu saa ili maji yaliyotuama chini yatoke, kisha chunguza matundu yake. Mara nyingi huwa yamezibwa na tope la safarini, nawe utayazibua kwa msumari bila kuuchana mfuko.

Baada ya hapo ipange juu ya kichanja cha fito kilichoinuka kufikia goti, chini ya paa lisilo na kuta, ukiacha nafasi ya kiganja kati ya mche na mche ili upepo upite. Wengi huiweka chini ya mwembe wakidhani wamepata kivuli kizuri, lakini mwembe huendelea kudondosha matone muda mrefu baada ya mvua kukatika, na ukingo wa bati ni mbaya zaidi. Miche mipya ikae mbali na ile uliyokuwa nayo kwa wiki mbili au tatu, kwa sababu udongo wa kitalu kingine huenda umebeba ugonjwa usiokuwapo kwako.

Kesho yake asubuhi, ukiwa na mwanga wa kutosha, kagua mche mmoja mmoja. Kwaruza gamba la kikonyo kidogo kwa ukucha: ukiona ubichi wa kijani, kingali hai hata kama majani yote yamepukutika, ukiona kahawia kavu, shuka chini kidogo na ujaribu tena. Kisha nusa matundu ya kiriba. Udongo mzima hunuka kama shamba baada ya mvua, ila ule ambao mizizi yake inaoza hutoa harufu ya maji ya mtaroni, na mzizi unaochungulia tunduni huwa mweusi na hukatika kama uzi uliooza. Mche wa namna hiyo utenge. Dawa ya ukungu inayopuliziwa majani haiwezi kuuponya mzizi uliokwisha kuoza, hivyo mwonyeshe afisa ugani kabla hujanunua chochote dukani.

Majani yaliyovunjika au kugeuka meusi yakate kwa wembe safi, lakini yale ya njano yaache yaanguke yenyewe. Usiweke mbolea yoyote, wala samadi changa, kabla mche haujatoa majani mapya. Kumwagilia kutaamuliwa na kidole: kizamishe hadi pingili ya pili, na kama udongo bado unagandamana kidoleni, subiri siku nyingine.

Kuanzia siku ya nne au ya tano, miche iliyosimama vizuri ionyeshe jua la asubuhi hadi saa tatu, kisha uongeze saa moja kila baada ya siku mbili. Ikianza kuchipua, angalia chipukizi limetokea wapi. Lililo juu ya kiungo, yaani pale mche ulipobebeshwa, ni Hass uliyoilipia. Lililo chini yake ni la shina lililobeba, na usipolikonyoa mapema litakipokonya kikonyo chakula, nawe utakuja kuvuna parachichi usilolijua. Katika miche yangu 17, miwili ilinidanganya hivyo kwa miezi kadhaa, nami nikiisifia kwa majirani.

Usipande mpaka majani mapya yamekomaa na kukolea kijani, jambo ambalo huchukua wiki tatu hadi sita, zaidi kukiwa na baridi. Kwanza jaribu ardhi kwa kuchimba shimo na kulijaza maji. Yakiwa bado yamo kesho yake, hamia sehemu nyingine, au inua tuta la sentimita 30 na upande juu yake. Ondoa kiriba chote bila kuvunja bonge la udongo, weka shingo ya mche, pale shina linapoingia udongoni, usawa uleule iliokuwa nao kitaluni, na matandazo yasogezwe mbali na shina kwa upana wa kiganja.