Namna ya kuchagua kiyoyozi cha nyumbani kwa ajili ya mwenye mzio: mwongozo wa fundi wa Nyanda za Juu Kusini

“Fundi, kwa baridi hii ya Mbeya, kiyoyozi cha kazi gani?” Karibu kila mteja mpya huniuliza hivyo, na ana haki ya kuuliza. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na usiku wa Juni na Julai watu hulala chini ya mablanketi mawili. Anayenunua kiyoyozi huku ili apate ubaridi kama anavyofanya mtu wa Dar es Salaam anapoteza fedha zake. Lakini ikiwa ndani ya nyumba kuna mtu anayeamka kila asubuhi akipiga chafya mfululizo, macho yanawasha na pua imeziba, mashine hiyo hiyo inaweza kumsaidia, mradi ichaguliwe kwa vigezo tofauti na vile ambavyo muuzaji dukani hupenda kuvitaja.

Hatua ya kwanza: fahamu kinachomsumbua mgonjwa

Fundi hapimi mzio. Hiyo ni kazi ya daktari, na mwenye pumu asianze na duka la viyoyozi kabla hajaonwa hospitali. Hata hivyo, daftari dogo la wiki mbili au tatu husaidia sana. Andika siku, saa, chumba na hali ya hewa kila dalili zinapotokea. Dalili zinazokuja usiku na alfajiri kitandani mara nyingi huelekeza kwenye utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ambao huishi ndani ya magodoro, mito na mablanketi. Zinazozidi kati ya Agosti na Oktoba, wakati barabara za mitaa zimekauka na mashamba yanachomwa kabla ya mvua, huelekeza kwenye vumbi la nje na moshi. Zinazoanza baada ya mvua kukolea, hasa katika nyumba zenye madoa meusi kwenye pembe za dari, huelekeza kwenye kuvu, yaani ule ukungu ambao wengi wetu tunauita fangasi wa ukutani.

Tofauti hizi ni muhimu kwa sababu kila adui ana dawa yake. Vumbi na moshi huondolewa kwa kuchuja hewa, ilhali utitiri na kuvu hudhibitiwa kwanza kwa kupunguza unyevu.

Hatua ya pili: pima unyevu kabla ya kupima chumba

Nunua kipima unyevu cha kidijitali, kile kidogo kinachoonyesha pia joto, na ukiweke karibu na kitanda, mbali na dirisha, kwa angalau wiki moja. Unyevu wa hewa ukikaa chini ya asilimia 50 muda mrefu, utitiri wa vumbi hushindwa kuishi vizuri, kwa kuwa wadudu hawa hawanywi maji bali huyafyonza kutoka hewani. Ukikaa juu ya asilimia 60 kwa wiki nzima, kuvu nayo hupata nafasi. Katika nyumba za Tukuyu, ambako mvua ni nyingi kupita sehemu kubwa ya nchi, si ajabu kukuta kipimo kinasoma asilimia 80 asubuhi. Iringa mjini mwezi wa Septemba mambo ni kinyume kabisa: hewa ni kavu, na tatizo ni vumbi linalopeperushwa na upepo.

Hatua ya tatu: toa chanzo nje ya chumba

Sitafunga mashine katika chumba chenye magunia ya mahindi. Najua kwamba baada ya mavuno chumba cha pili ndicho ghala la familia nyingi, lakini nafaka iliyohifadhiwa ina vumbi lake na utitiri wake, na feni ya kiyoyozi itavisambaza vyote usiku kucha. Ondoa pia zulia chumbani kwa mgonjwa, funika godoro na mito kwa foronya zinazobana zilizotengenezwa kwa ajili ya kuzuia utitiri, kisha fua mashuka na mablanketi kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60, kwa sababu maji ya baridi huwasafisha wadudu hao bila kuwaua.

Jiko la mkaa nalo lisiingizwe ndani kupasha chumba joto, hata kama Julai imebana namna gani. Moshi wake huchokoza mapafu, na gesi yake ya monoksidi ya kaboni huua watu wakiwa usingizini. Hakuna kiyoyozi wala chujio la nyumbani linaloweza kuiondoa.

Hatua ya nne: chagua aina ya mashine

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwanza, usichukue ile feni ya maji inayouzwa kwa bei nafuu kama kiyoyozi. Kifaa hicho hupoza kwa kuvukiza maji, maana yake hukuongezea unyevu ndani ya chumba, jambo ambalo utitiri na kuvu wanalisubiri kwa hamu. Pili, epuka kiyoyozi cha mtumba kwa matumizi haya. Huwezi kujua kimekaa na uchafu gani ndani ya koili, yaani yale mabomba membamba yanayopoza au kupasha hewa, na vingi vya zamani hutumia gesi ya kupozea ya R22 ambayo inaendelea kuondolewa sokoni duniani kote.

Kwa nyumba ya kawaida nashauri kiyoyozi cha vipande viwili, kimoja ndani na kingine nje, chenye teknolojia ya inveta, yaani mashine inayopunguza au kuongeza kasi yake badala ya kuwaka na kuzima, na kwa nyanda za juu kiwe lazima na uwezo wa kutoa joto na baridi. Uwezo huo wa joto ndio kiini cha ushauri wangu, kwa hiyo niufafanue. Rimoti nyingi zina kitufe chenye alama ya tone la maji cha kukausha hewa, na muuzaji atakuambia hicho kinatosha. Huko Kyela, karibu na Ziwa Nyasa ambako kuna joto na unyevunyevu, ni kweli kinatosha. Lakini mashine hukausha hewa kwa kuipoza, na chumba cha Tukuyu au Makete chenye nyuzi 15 hakina joto la kupunguza: mashine nyingi zitasita, au zitafanya kazi kwa shida huku mgonjwa akizidi kutetemeka. Katika chumba kama hicho, njia nyepesi ni kupasha hewa. Hewa yenye nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 80 ikipashwa hadi nyuzi 21 bila kuongezewa maji, unyevu wake hushuka hadi takriban asilimia 55. Kiasi cha maji hewani hakijabadilika, lakini kuta na godoro havifyonzi tena kama mwanzo, na pembe za dari huanza kukauka. Ili kushuka hadi chini ya 50, fungua madirisha kwa muda mfupi mchana siku ya jua, kisha ufunge na upashe tena jioni.

Fahamu pia kwamba kiyoyozi cha aina hii hakileti hewa mpya kutoka nje. Kifaa cha nje hutoa au huchukua joto tu. Hewa unayovuta ni ile ile ya chumbani inayozungushwa. Kwa hiyo kufungua madirisha bado ni lazima, na katika msimu wa vumbi saa nzuri ni asubuhi, kabla upepo haujainuka.

Hatua ya tano: kadiria ukubwa, na usizidishe

Mafundi wengi wa pwani hukadiria BTU, yaani kipimo cha nguvu ya kiyoyozi, 500 hadi 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 3 kina mita za mraba 12, hivyo hesabu inatoa BTU 6,000 hadi 7,200, na mashine ndogo inayopatikana kwa urahisi ni ya 9,000. Katika mwinuko wa Mbeya hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15 hadi 20, na feni inabeba hewa pungufu kwa kiwango hicho, lakini kwa kuwa joto letu halifikii lile la Tanga, mashine ya 9,000 bado inatosha chumba hicho.

Miaka yangu ya mwanzo nilifunga mashine ya BTU 18,000 katika chumba cha mtoto mwenye pumu, chumba chenye ukubwa kama huo, kwa kuamini kwamba kikubwa ni bora. Ilipoza chumba kwa dakika chache, ikazima kabla ya kukamua maji hewani, ikawaka tena, ikazima tena. Baada ya mwezi mmoja mama mwenye nyumba aliniita akanionyesha ukuta nyuma ya kabati: ulikuwa na unyevu kiasi kwamba rangi ilikuwa inabanduka kwa kidole, na mtoto alikuwa anakohoa kuliko mwanzo. Niliibadilisha kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo, mteja akisisitiza mashine kubwa, huwa namuuliza kwanza kama anataka chumba kipoe haraka au kikauke.

Hatua ya sita: usidanganywe na neno “chujio”

Fungua kifuniko cha mbele cha kiyoyozi chochote dukani. Utaona nyavu mbili nyembamba za plastiki ambazo ukiziinua juu ya taa unaona mwanga kupitia kila tundu. Nyavu hizo huzuia nyuzi za nguo na vumbi kubwa ili koili isizibe. Chembe za kinyesi cha utitiri, mbegu za kuvu na moshi vingi hupita. Chujio halisi la daraja la HEPA hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa maikromita 0.3, lakini ni zito kupitisha hewa, na feni ya kiyoyozi cha ukutani haina nguvu ya kuisukuma hewa kupitia chujio kama hilo. Vipande vidogo vya chujio cha rangi vinavyobandikwa juu ya nyavu havifuniki hata nusu ya njia ya hewa. Mimi sivihesabu.

Kwa hiyo gawa bajeti yako sehemu mbili: kiyoyozi kidogo kwa ajili ya joto na unyevu, na kisafisha hewa chenye HEPA kwa ajili ya vumbi na moshi. Kisafisha hewa nacho kina hesabu yake. Chumba chetu cha mita za mraba 12 chenye dari ya mita 2.7 kina mita za ujazo 32 hivi; ukitaka hewa ichujwe mara tano kwa saa, tafuta kifaa kinachotoa walau mita za ujazo 160 kwa saa, na hakikisha namba hiyo inapatikana kwa kasi ambayo mgonjwa anaweza kulala nayo bila kelele. Kiache dukani kifaa chochote kinachojisifu kuzalisha ozoni, kwa kuwa gesi hiyo yenyewe huchokoza njia ya hewa ya mwenye pumu. Kama fedha inatosha kifaa kimoja tu na wewe unaishi Iringa mjini penye vumbi, nunua kisafisha hewa na uache kiyoyozi.

Hatua ya saba: simamia ufungaji

Mwambie fundi asiweke kifaa cha ndani juu ya mto wa kulalia, na aache nafasi ya kutosha juu yake ili nyavu zitoke bila kuvunja chochote. Tundu la ukutani linalopitisha mabomba lizibwe kabisa, maana likiachwa wazi litaingiza vumbi na mende, na mende nao ni chanzo cha mzio. Weka stabilaiza, umeme wetu unapanda na kushuka.

Paipu ya kutolea maji ndiyo unayopaswa kuikagua mwenyewe kabla ya kulipa. Iteremke kama sentimita moja kwa kila mita, bila kupinda kwenda juu popote. Mwombe fundi amimine nusu lita ya maji taratibu kwenye sinia iliyo chini ya koili, kisha wewe toka nje ukasimame penye mdomo wa paipu. Maji yote yakitoka bila kusita, kazi ni nzuri. Yakichelewa au yakitoka kidogo, maana yake kuna dimbwi limebaki ndani, na dimbwi hilo ndilo litakalokuwa shamba la kuvu.

Hatua ya nane: matunzo

Nyavu zioshwe kila wiki mbili kwa maji na sabuni, na katika msimu wa vumbi kila wiki, kisha zikaushwe kivulini. Servisi kamili ya koili, sinia na feni ifanyike walau mara mbili kwa mwaka: Novemba kabla ya mvua kukolea, na Mei zinapokwisha. Katikati ya servisi, chukua tochi, fungua kile kibati kinachoelekeza hewa, na uangalie feni iliyo kama silinda ndefu yenye mapezi. Mapezi safi hung'aa. Mapezi yenye kuvu huwa na vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, na ukipitisha pamba yenye maji ikatoka nyeusi na kunuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni, zima mashine hiyo wala usiiwashe tena mgonjwa akiwa chumbani hadi ioshwe. Kila ukimaliza kutumia baridi, acha feni peke yake izunguke kwa nusu saa ili koili ikauke, na kipima unyevu chako kiendelee kukaa pale pale karibu na kitanda.