Kupima mvua nyumbani kwa bomba la PVC: kuanzia kukata bomba hadi kujaza daftari

Morogoro mjini si ajabu kusikia Bigwa imenyesha mpaka mitaro imefurika, na saa hiyohiyo Kihonda watu wanakula vumbi. Milima ya Uluguru inachangia hilo: upande wake wa mashariki unapokea upepo unaotoka baharini, kwa hiyo hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Ndiyo maana habari kwamba "Morogoro imepata mvua" inaweza kuwa kweli tupu na bado isimsaidie mwenye ekari mbili za mahindi. Programu za simu nazo hazimalizi tatizo. Makadirio mengi ya mvua yanayotokana na setilaiti hugawa nchi katika miraba yenye upana wa kilometa kumi hivi, na shamba lako lote ni nukta ndani ya mraba mmoja.

Njia pekee ya kujua mvua iliyoanguka kwako ni kuipima hapohapo. Kifaa ni rahisi kukitengeneza. Kazi yenyewe iko kwenye mambo matatu ambayo watu huyaruka: ukubwa wa mdomo wa kifaa, mahali kinaposimama, na daftari lisilo na mapengo.

Hatua ya 1: Kusanya vifaa

Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue bomba la PVC la maji taka la inchi nne, kipande cha sentimita 60, pamoja na kifuniko chake cha chini na gundi ya PVC. Jikoni chukua faneli ya plastiki na chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Duka la dawa litakupa sirinji ya mililita 10. Ongeza nguzo ya mbao, vipande vya bati, skurubu, uzi wa nailoni, tupa, na rula yenye milimita zinazosomeka.

Mtandaoni utakuta maelekezo mengi ya kukata chupa ya maji katikati, kugeuza kichwa chake kiwe faneli, kisha kubandika rula ubavuni. Kwa kufundishia darasa la nne inafaa. Kwa kumbukumbu za msimu mzima siipendekezi. Kitako cha chupa kina mabonde, ubavu una mikunjo, na plastiki yake hupinda ikikaa juani, kwa hiyo sentimita moja ya rula chini si sawa na sentimita moja ya rula juu. Hapa hatutasoma kina cha maji hata kidogo. Tutapima ujazo.

Hatua ya 2: Tengeneza mdomo

Kata bomba kwa msumeno wa chuma, ukate pembe mraba. Mdomo wa juu upige tupa upande wa nje tu, mpaka ukingo uwe mwembamba. Ukingo mnene ni tatizo, kwa sababu tone linaloangukia juu yake linaweza kwenda ndani au nje, na hujui ulihesabu au hukuhesabu.

Gundisha kifuniko chini na uache kikauke vizuri. Kisha jaza bomba maji, lisimamishe usiku kucha juu ya sakafu kavu. Ukikuta unyevu asubuhi, gundisha upya. Usiamini gundi kwa macho.

Chupa iingie nzima ndani ya bomba, bila kukatwa. Mdomo wake mwembamba ndio unaozuia maji yasikauke mchana kukiwa na joto. Faneli ikae juu ya chupa, shingo yake ikiwa ndani ya mdomo wa chupa. Ikiwa faneli ni pana kuliko bomba, ipunguze kwa mkasi mpaka ishuke bila kukwama. Itabaki nafasi ndogo kati ya faneli na ukuta wa bomba. Iache. Kinachokusanya mvua ni mdomo wa bomba, na maji yatakayopita pembeni ya faneli yataishia chini ya bomba, ambako utayakuta na kuyapima.

Angalia pia kwamba kutoka ukingo wa faneli hadi mdomo wa bomba kuna angalau sentimita kumi. Mvua kubwa hurusha matone ikigonga faneli, na kuta hizo ndizo zinazoyarudisha.

Funga uzi wa nailoni shingoni mwa chupa kwa ajili ya kuivuta. Ncha ya uzi ibaki ndani. Ikining'inia nje, maji yataufuata uzi na kutoka.

Hatua ya 3: Pima kipenyo, na upime kwa makini

Hii ndiyo hatua ninayomwomba kila mtu asiikimbilie. Mabomba ya inchi nne hayalingani kwa ndani, maana unene wa ukuta hutofautiana kwa daraja la bomba. Pia mengi si duara kamili. Pima kipenyo cha ndani mdomoni kwa pande nne tofauti, jumlisha, gawanya kwa nne.

Tuseme umepata sentimita 10.4. Nusu kipenyo ni 5.2. Eneo la mdomo ni 3.1416 × 5.2 × 5.2, yaani sentimita za mraba 84.9, tuziite 85.

Sasa kumbuka maana ya milimita moja ya mvua: ni maji ambayo yangefunika ardhi kwa kina cha milimita moja kama yasingetiririka, yasingezama wala kukauka. Kwenye mdomo wa sentimita za mraba 85, kina hicho ni mililita 8.5. Basi hesabu ya kila siku ni moja tu: gawanya mililita ulizopata kwa 8.5. Ukipata mililita 153, mvua ni milimita 18.0.

Ukikosea kipenyo kwa milimita mbili tu, ukaandika 10.6 badala ya 10.4, kila mvua utakayopima itapungua kwa karibu asilimia nne, na hutaona dalili yoyote. Andika kipenyo na kigawanyo chako (hapa ni ile 8.5) kwa wino usiofutika ubavuni mwa bomba na kwenye jalada la daftari.

Hatua ya 4: Chagua mahali

Adui mkubwa wa kipimamvua ni upepo. Ukipita juu ya mdomo kwa kasi, husukuma matone yapite pembeni, na kifaa kinasoma pungufu. Ndiyo maana paani hapafai, hata kama ni mahali ambapo watoto hawafiki.

Mti na nyumba navyo huiba mvua. Kanuni inayotumika ni kukaa mbali na kizuizi kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake. Mwembe wa mita 6, kaa mita 12. Ukipata mara nne ni bora zaidi, ila kwenye viwanja vyetu vya ishirini kwa ishirini huo ni utajiri. Kama huna nafasi, chagua sehemu iliyo wazi kuliko zote na uandike daftarini vizuizi vilivyopo, upande gani na urefu gani. Miaka mitatu baadaye, huo mwembe utakuwa umekua.

Kiwanja kiwe na majani mafupi. Sakafu ya saruji hurusha matone.

Simamisha nguzo, ufunge bomba ubavuni mwake kwa vikuku viwili vya bati ambavyo vitakuruhusu kulichomoa kwenda juu. Mdomo uwe mita moja hivi kutoka ardhini. Nchi nyingi huweka mdomo kati ya nusu mita na mita moja na nusu, ingawa kipimamvua cha asili ya Kiingereza huwekwa sentimita 30 tu. Sentimita 30 inapunguza upepo, lakini kwenye ua wenye kuku na mbuzi nachagua mita moja. Kichwa cha nguzo kiwe chini ya mdomo wa bomba kwa sentimita kumi au zaidi, na kikatwe mshazari, mteremko ukielekea mbali na bomba.

Weka pimamaji, kile kifaa cha fundi chenye kiputo, juu ya mdomo, pande mbili. Bomba lililoinama hudanganya, hasa mvua ikija na upepo.

Hatua ya 5: Soma saa tatu asubuhi

Vituo vya hali ya hewa Tanzania na Kenya husoma mvua ya saa 24 saa tatu asubuhi, nawe fuata saa hiyo ili namba zako zilingane na zao. Kama saa tatu uko kazini, chagua saa moja asubuhi na usiibadilishe. Saa isiyobadilika ni muhimu kuliko saa iliyo rasmi.

Chomoa bomba, vuta chupa, mimina maji kwenye jagi. Kisha inamisha bomba lenyewe, uongeze yaliyobaki chini. Mvua ndogo pima yote kwa sirinji. Mvua kubwa tumia mzani wa jikoni wa kidijitali: gramu moja ya maji ni mililita moja, hivyo toa uzito wa jagi tupu na kazi imekwisha. Jagi za plastiki zenye mistari ya mililita ni za kutilia shaka. Pima jagi lako kwa sirinji kabla ya kuliamini.

Mwaga maji yote. Yakibaki utayahesabu tena kesho, na mbu nao hawahitaji zaidi ya hapo.

Chupa ikijaa, maji yatafurika ndani ya bomba na hayapotei. Lita moja na nusu kwa mdomo huu ni kama milimita 176, na siku ya mvua kama hiyo kwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki itakuwa habari ya redio. Bahari yetu hii ya Hindi ina mambo yake, lakini: Januari 1966, Foc-Foc kwenye kisiwa cha Réunion ilipimwa milimita 1,825 ndani ya saa 24. Bomba letu la sentimita 60 lingejaa na kumwagika mara tatu.

Hatua ya 6: Daftari

Chora safu tano: tarehe ya kusoma, saa, mililita, milimita, maelezo. Andika mililita hata kama unachotaka ni milimita. Siku ukigundua kigawanyo kilikuwa na kasoro, utakokotoa upya msimu wote kwa jioni moja.

Mvua iliyonyesha jana alasiri unaisoma leo. Iandike kwenye tarehe ya leo, yaani ya kusoma, na juu ya ukurasa uandike kwamba ndivyo unavyofanya. Wanaochanganya leo hivi na kesho vile huharibu kumbukumbu nzuri kabisa.

Kukiwa kukavu, andika 0. Ukikuta matone ambayo hayafiki milimita 0.1, andika "kidogo". Ukiwa hukusoma, weka mstari. Hizi ni habari tatu tofauti. Nafasi tupu ikigeuzwa kuwa sifuri na mtu atakayejumlisha baadaye, umepunguza mvua ya mwezi bila kujua.

Ukisafiri siku tatu, ukirudi pima kilichopo na uandike "jumla ya siku 3". Usigawanye kwa tatu. Huenda yote ilinyesha ndani ya nusu saa ya Jumamosi.

Safu ya maelezo isiwe na hadithi. Andika tu radi, mvua ya mawe, upepo ulitoka wapi, mvua ilianza na kukoma saa ngapi kama uliiona. Umande mzito nao utaje, maana unaweza kuacha tone kwenye chupa asubuhi isiyo na mvua.

Hatua ya 7: Tumia namba

Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo mvua ya milimita 10 imeleta zaidi ya lita 40,000 shambani. Paa la mita 6 kwa 8 likipigwa na milimita 20 linapokea lita 960. Toa moja ya tano kwa maji yanayoruka, kuvuja na kulowanisha bati, na bado zinabaki zaidi ya lita 760. Kwa hesabu hiyo utajua tangi la kununua, badala ya kuuliza muuzaji.

Kwa wakulima, swali ni lini kupanda. Kigezo kimoja kinachotumika sana, ambacho mizizi yake iko Sahel, ukanda mkavu ulio kusini mwa jangwa la Sahara, kinataka siku kumi zenye jumla ya milimita 25 au zaidi, zikifuatwa na siku ishirini zenye jumla ya milimita 20 au zaidi. Utaona mtego wake: sehemu ya pili huijui siku unayoshika jembe. Hapo ndipo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania unapoingia. Daftari linakwambia kilichokwisha kuanguka kwako, utabiri unakwambia kinachotarajiwa katika eneo. Mvua moja ya milimita 30 mwishoni mwa Oktoba inalainisha udongo na kuwashawishi majirani, lakini kama utabiri unataja wiki mbili za ukavu, mimi mbegu yangu inabaki guniani.

Utabiri wa vuli na masika husema mvua itakuwa ya wastani, juu au chini ya wastani. Wastani huo hutokana na kumbukumbu za miaka mingi, kwa kawaida miaka 30, kama 1991 hadi 2020. Kwako hakuna wastani mpaka uanze kuandika. Jumlisha kila siku kumi, kila mwezi, kila msimu, na uweke jumla hizo kwenye kurasa za mwisho za daftari ili zikae pamoja.

Matunzo

Nyigu hupenda kujenga ndani ya faneli, na jani moja la mwembe linatosha kuiziba. Chungulia hata wakati wa kiangazi, huku ukiendelea kuandika sifuri zako. Usifunike mdomo kwa chandarua, kwa sababu nyuzi hushika maji yanayokauka kabla hujayapima.

Jua litafanya PVC ivunjike kirahisi. Ukingo ukimeguka, usiukate uendelee kama kawaida. Tengeneza bomba jipya, pima kipenyo chake upya, na kama la zamani bado linashika maji, yasimamishe yote mawili mita mbili mbali kwa msimu mzima. Tofauti ya asilimia chache kati yao ni ya kawaida. Ikizidi hapo, anza kuchunguza kipenyo, kisha pimamaji, kisha gundi ya kifuniko.