Somo: Kumtuma mfanyakazi Tanzania kutoka Kenya bila kumtia matatani

Miaka kadhaa iliyopita nilimtuma fundi wetu wa mitambo kutoka Nairobi aende Dar es Salaam kwa siku kumi. Kwenye barua yake ya kueleza sababu ya safari niliandika "mkutano". Akapita Namanga, akagongewa muhuri wa mgeni, na siku ya tatu maafisa wakamkuta kiwandani kwa mteja, spana mkononi, anafunga mashine. Alilala mahabusu usiku ule kwa sababu ya neno nililoandika mimi. Ndiyo maana somo hili naanza na barua.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike jina la safari

Kabla ya kukata tiketi, kaa na mkuu wa idara umuulize: mtu huyu akifika atafanya nini hasa? Atakuwa huko siku ngapi ukijumlisha safari zake zote za mwaka? Nani anamlipa? Kuhudhuria kikao ni jambo moja. Kufunga mashine, kukagua vitabu vya hesabu, kufundisha wafanyakazi wa mteja, hizo ni kazi, hata zikichukua siku mbili, na kazi inataka kibali.

Wengi wetu Wakenya tunadhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshamaliza suala hili. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza Julai 2010, na ni kweli inampa mwana Afrika Mashariki haki ya kuajiriwa nchi jirani. Lakini itifaki hiyohiyo inamtaka aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, na kwa mikataba isiyozidi siku 90 kuna pasi maalumu. Vibali havijafutwa.

Hatua ya 2: Kibali cha kazi kwanza, ukaazi baadaye

Tanzania Bara inafuata Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, kisha ndipo Idara ya Uhamiaji inatoa kibali cha ukaazi. Ukiwa na kimoja bila kingine, bado hujakamilisha. Kibali cha mwajiriwa hudumu miezi 24, na kuongezwa kwake kuna ukomo.

Kuna karatasi moja ambayo waajiri huijaza ilimradi: mpango wa urithishaji, yaani Mtanzania gani atajifunza kazi hii na kwa muda gani. Naomba muichukulie kwa uzito. Mtaje mtu halisi, mpangieni mafunzo halisi. Ni haki ya nchi inayompokea mtu wenu.

Hatua ya 3: Kodi

Hapa ndipo kampuni nyingi huumia kimyakimya. Utasikia, "hajafika siku 183, hadaiwi kitu." Si hivyo. Siku 183 zinaamua kama anahesabiwa mkaazi kwa ajili ya kodi. Mshahara wa kazi iliyofanyika Tanzania una chanzo chake Tanzania hata ukilipwa kwenye akaunti ya Nairobi. Kenya nayo humtoza mkaazi wake kwa kipato cha ajira popote alipokichuma. Mkataba wa Jumuiya wa kuzuia kodi mara mbili ulisainiwa 2010 lakini haujaanza kutumika. Kwa hiyo mwite mhasibu wa nchi zote mbili kabla mtu hajaondoka, na muandikiane ni nani atabeba kodi itakayozidi. Usimwachie mfanyakazi.

Hatua ya 4: Kadi mbili za njano

Moja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Achanjwe angalau siku 10 kabla ya safari, na chanjo hiyo sasa ni ya maisha. Nyingine ni bima ya gari ya COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, kama anavuka na gari la kampuni. Nimewahi kumuuliza dereva kama ana kadi ya njano, akasema anayo. Alikuwa na ya chanjo tu. Taja kila moja kwa jina lake.

Maswali ya wanachama

*Akimaliza Dar anapitia Zanzibar wiki tatu kwa mteja mwingine. Kibali kilekile kinatosha?*
Hapana, ndugu yangu. Ajira si jambo la Muungano, yaani si kati ya mambo ambayo Bara na Zanzibar huyaendesha kwa pamoja. Zanzibar ina sheria yake ya kazi na vibali vyake. Omba huko.

*Siku 183 lazima zifuatane?*
Hazifuatani, zinajumlishwa ndani ya mwaka wa kodi. Tena kuna kipimo cha pili: akiwa na wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka huu na miwili iliyotangulia, ni mkaazi pia. Weka jedwali la kila anayevuka mara kwa mara.

*Mke wake amemfuata na amepata kazi ya kufundisha. Anaweza kuanza?*
Asianze. Pasi ya mtegemezi si kibali cha kazi. Mwajiri wake amwombee chake.

*Dada, mtu wetu ameshavuka jana mpaka wa Horohoro na barua inasema mkutano, kumbe anaweka mfumo wa hesabu. Nifanye nini?*
Mpigie sasa hivi asimamishe kazi. Vikao anaweza kuhudhuria. Usitume barua ya pili ya kufunika ya kwanza, maana hapo unaongeza kosa. Tafuta wakili wa Tanzania anayeshughulikia uhamiaji, mweleze ukweli wote, na mteja aambiwe leo kwamba mfumo utachelewa hadi kibali kitoke.