Darkest Dungeon: namna ya kuwarudisha wote wanne wakiwa hai

Katika gemu hii unaongoza kikosi cha mashujaa wanne kwenye magofu yenye maadui. Naichezea hapa Mikindani, na karibu kila anayekuja nimwelekeze huwa ameshazika kikosi kizima. Ilitoka Januari 2016, kazi ya Red Hook Studios ya Kanada, na ugumu wake ni wa makusudi. Mtu akifa, ndiyo basi. Gemu inajisevu yenyewe kila mara, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma kufuta kosa. Sisi tunaokatikiwa umeme hilo linatufaa: ukiwasha tena, unaendelea karibu pale pale.

Hatua ya 1: Panga safu. Kila ujuzi unatumika ukiwa nafasi fulani tu. Anza na Crusader mpiga upanga mbele, Highwayman mwenye bastola wa pili, Plague Doctor mrusha sumu wa tatu, Vestal mponyaji nyuma kabisa.

Hatua ya 2: Chagua safari fupi ya Ruins, yaani magofu, kisha nunua mahitaji. Njaa ikibisha, wanne wanakula vyakula vinne kwa mpigo, basi beba angalau 8. Ongeza mienge na chepeo mbili. Chepeo ndiyo inayosahauliwa. Kifusi kikiziba njia na huna chepeo, watu wako watakifukua kwa mikono huku wakiumia.

Hatua ya 3: Linda mwenge. Mwanga unaanza na 100 na kushuka kadiri mnavyotembea. Kila mwenge unaowasha unarudisha 25. Gizani maadui wanapiga vikali zaidi, ila hazina nazo huongezeka. Wavuvi wetu wa dagaa wanalijua hili, kwamba giza ndilo lenye riziki na usiku wa mbalamwezi nyavu hupumzika. Lakini wao wanaingia gizani na taa na nahodha mzoefu. Wewe bado. Usishuke chini ya 75.

Hatua ya 4: Tazama msongo kuliko damu. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu gemu nyingine zimewazoesha kuangalia uhai peke yake. Msongo unapanda kutoka 0 hadi 200. Ukifika 100 mtu anapimwa: mara chache anapata ushujaa, mara nyingi akili inavunjika. Aliyevunjika anaweza kukataa kutibiwa au kutukana wenzake, na maneno yake yanawapandishia msongo wao pia. Ukifika 200, moyo unashtuka na anaangukia ukingoni mwa kifo.

Kwa hiyo usikimbilie kumpiga aliye mbele kwa sababu tu ana upanga mkubwa. Angalia nyuma ya safu yao. Kule Ruins utaona kiunzi cha mifupa kimeshika kikombe cha mvinyo. Kinaumiza kidogo sana, lakini kila kikimwagia mtu ule mvinyo, msongo unaruka. Kiue hicho kwanza: bastola ya Highwayman inafika, na bomu la sumu la Plague Doctor linafika. Mifupa haivuji damu kirahisi, sumu ndiyo dawa yake.

Hatua ya 5: Uhai ukifika 0, mtu hafi papo hapo, yuko ukingoni mwa kifo. Kwa kawaida kila pigo linalofuata lina nafasi ya 67% ya kumwacha hai. Usiitegemee. Mponye hata kwa pointi moja, atoke ukingoni. Vestal wangu wa kwanza alikuwa kwenye 0, nikasema "chumba kimoja tu." Pigo la kwanza la chumba kile lilimchukua, na bila mponyaji watatu waliobaki hawakufika mlangoni.

Hatua ya 6: Jifunze kuacha safari. Ukiiacha, watu wanapata msongo na kazi inahesabika imeshindikana, lakini wanarudi, na dhahabu mliyookota inabaki yenu. Mponyaji akiyumba, geuka hapo hapo.

Hatua ya 7: Mkifika kijijini, wapeleke waliochoka kanisani au kilabuni wapunguze msongo. Wiki hiyo hawasafiri, kwa hiyo watu wanne hawakutoshi. Gari la farasi linaleta wapya kila wiki bila malipo. Wachukue, uwapeleke kwa zamu, na uwe na Vestal wawili mapema kabla ya kununua silaha yoyote.