Usiku wa Saa 11: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupiga Kambi Porini

Anayekwenda kupiga kambi kwa mara ya kwanza, iwe ni Mikumi, Serengeti, msitu wa Magamba kule Lushoto au miteremko ya Uluguru, kwa kawaida hujiandaa kwa ajili ya mchana. Hununua kofia, viatu vya kutembelea na nyama ya kuchoma, kisha huazima hema kwa rafiki siku moja kabla ya safari. Mchana wa porini, hata hivyo, hauna shida kubwa kwa mtu mzima mwenye afya. Nchi zetu ziko karibu na Ikweta, kwa hiyo mwezi wowote ule giza hutanda karibu saa 1 usiku na mwanga haurudi hadi karibu saa 12 asubuhi, na kero nyingi zinazomfanya mtu aape kwamba harudi tena porini humpata ndani ya saa hizo 11. Video nyingi za kufundisha maisha ya porini hutoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako wengi hupiga kambi majira ya joto, usiku ukiwa mfupi. Ndiyo maana hazina mengi ya kumfaa mtu atakayeingia hemani saa 2 usiku akiwa hana usingizi. Maandalizi yafuatayo yamepangwa kwa kuuangalia usiku kwanza.

Baridi ndiyo inayotangulia, na watu wa Dar es Salaam na Tanga hawaiamini hadi iwakute. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kambi ya Simba iliyo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro iko yapata mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kiasi kwamba kati ya Juni na Agosti usiku wa hapo hushuka chini ya nyuzi 10 bila mtu kushangaa. Kinachosahaulika ni kwamba sehemu kubwa ya baridi hiyo hutoka ardhini. Mwenye mablanketi mawili anayelala juu ya turubai tupu anapaswa kutandika moja chini yake, na mwenye godoro la kujaza upepo aweke mkeka au sponji juu yake, kwa sababu hewa iliyomo ndani ya godoro hilo hupoa pamoja na ardhi. Nguo za kulalia, pamoja na soksi, zifungwe peke yake mahali pakavu na zisivaliwe mchana hata mara moja, kwa kuwa soksi iliyotembelewa huwa na unyevu wa jasho usioonekana, na unyevu huo ndio unaogandisha vidole vya miguu.

Hema lenyewe nalo hulowesha. Watu wawili wakilala ndani huku matundu yote ya hewa yamefungwa, pumzi zao hugeuka maji kwenye kitambaa. Ukinyoosha mkono saa 10 alfajiri ukagusa ukuta, kiganja kinarudi kimelowa, na anayelala ameuegemea huamka bega na mfuko wa kulalia vimeloa ilhali nje hakujanyesha hata tone. Kwa hiyo matundu ya juu yaachwe wazi hata kukiwa na baridi, na mizigo isisukumwe hadi kugusa kuta.

Baridi hiyo hiyo ndiyo inayowashawishi watu kuingiza jiko la mkaa hemani, na hapa sina namna ya kupunguza maneno: jiko la mkaa ndani ya hema lililofungwa linaua. Mkaa unaofuka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na aliyekwisha kulala haamki ili atoke. Jiko la gesi ni vivyo hivyo, na makaa yaliyofunikwa majivu yasidhaniwe kuwa yamezimika. Atakayesikia baridi kali ajaze maji ya moto kwenye chupa imara, aifunge vizuri, aivalishe soksi na alale nayo.

Kuhusu mvua, kalenda isomwe kwa mahali unapokwenda. Kaskazini na pwani kuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, ilhali nyanda za juu kusini hupata msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba au Desemba hadi Aprili, na misitu ya milimani kama Uluguru na Usambara hunyeshewa hata nje ya misimu hiyo. Hema lisimamishwe uani nyumbani, limwagiwe ndoo kadhaa za maji, kisha mtu aingie ndani aangalie mishono. Anayefanya zoezi hilo hugundua pia kama vigingi vimekamilika na kama zipu inafunga hadi mwisho. Turubai la chini lisichomoze nje ya hema, kwa maana hukusanya maji ya paa na kuyapeleka chini ya mgongo wa mlalaji. Kambi isiwekwe ndani ya korongo hata likiwa kavu kabisa, kwa sababu mvua iliyonyesha mbali usikokuona inaweza kulijaza usiku, wala chini ya tawi lililokauka.

Suala la choo watu huliona aibu kulijadili, kisha hulijadili saa 8 usiku kwa kunong'ona. Katika kambi za umma za hifadhi za Tanzania mara nyingi vyoo vipo, lakini viko hatua kadhaa kutoka kwenye mahema, kambi nyingi hazina uzio, na simba au nyati anaweza kupita katikati ya mahema bila kelele. Kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, awe na kopo la mdomo mpana lenye mfuniko wa kukaza kwa ajili ya haja ndogo ya usiku, liwekwe alama lisichanganywe na vyombo vingine, na matumizi yake yazungumzwe mapema na mtakayelala naye hema moja. Ambako hakuna choo, haja kubwa ifukiwe katika shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, mbali na kijito au kisima kwa hatua zisizopungua 70, na karatasi zirudi nyumbani ndani ya mfuko. Kijiko kidogo cha kuchimbia na sabuni ni vitu vya kufungwa mwanzoni, kwani kuhara porini, ambako mara nyingi hutokana na mikono ya mpishi, ni moja ya adhabu kubwa zinazoweza kumpata mtu mwenye hema dogo.

Wadudu wanastahili nafasi yao. Mbung'o huuma mchana, hupenya nguo nyepesi na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao unayoiona ikining'inia Tarangire na Serengeti imeshonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki au rangi ya udongo, na jua kwamba dawa za kupaka haziwazuii sana. Mbu wa malaria huuma usiku, kwa hiyo zipu ya wavu ifungwe kabla ya kuwasha taa ya ndani. Kupe hujishika miguuni mwa anayepita kwenye nyasi ndefu. Akaguliwe kila jioni makwapani, kinenani na nyuma ya magoti, avutwe polepole kwa kibano karibu kabisa na ngozi, bila kumchoma moto wala kumpaka mafuta ya taa. Baada ya mvua huja pia mdudu mwembamba mwenye pete nyekundu na nyeusi anayevutwa na mwanga wa taa. Huyo apulizwe, asipondwe, kwa sababu majimaji yake ndiyo yanayounguza ngozi na kuacha malengelenge.

Hata hivyo, mdudu anayeweza kuihamisha kambi nzima ni siafu. Hutoka kwa wingi baada ya mvua, hupita kwa msafara mweusi ulio kama kamba iliyolowa, na wakikuta hema kwenye njia yao huingia kupitia tundu lolote, hupanda kimya hadi kwenye nywele, kisha huanza kuuma karibu kwa wakati mmoja. Aliyeumwa hugundua kwamba kumvuta siafu humkata kiwiliwili huku meno yakibaki yamekaza ngozini. Kabla ya kusimamisha hema, zunguka eneo lote ukiwa na mwanga wa jua, utazame kingo za njia na chini ya majani makavu, na ukiona msafara usiubishie, hama. Wenyeji wengi humwaga majivu kuzunguka mahali pa kulala, na kwa kuwa majivu hayagharimu kitu, sioni sababu ya kuyadharau. Tochi ya kichwani na viatu vikae mahali pale pale kila usiku, ili ukilazimika kutoka usianze kupapasa.

Kwa wanyama wakubwa, kanuni nyingi zinahusu chakula. Tunda lililo ndani ya hema ni mwaliko kwa tembo, na nyani hupasua kitambaa mchana wenye kambi wakiwa matembezini. Fisi hubeba viatu vya ngozi, sufuria yenye mafuta na hata mkanda, hivyo vyote hivyo vilale ndani ya gari au katika jengo la jikoni lenye mlango. Usiku, ukisikia mnyama nje, baki ndani na zipu ikiwa imefungwa. Anayechungulia ili apige picha anawahatarisha wenzake wote. Kifutu ni hatari ya namna nyingine, kwa sababu nyoka huyo hakimbii anaposikia hatua, hubaki amelala njiani, kwa hiyo hakuna kutembea gizani bila tochi wala kuvaa viatu bila kuvikung'uta. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisichezeshwe, asichanjwe wala kufungwa kamba ya kukaza, na apelekwe hospitali. Ni ipi, iko umbali gani na gari litatoka wapi ni maswali ya kujibiwa kabla ya kuondoka nyumbani.

Wapenzi wa ufundi wa porini, yaani kujenga kibanda cha matawi, kuchonga na kuwasha moto kwa njia za kale, wana jambo la ziada linalowavunja moyo. Mengi ya hayo hayaruhusiwi katika maeneo wanayoyatamani. Kuokota kuni ndani ya hifadhi za taifa ni kosa, kukata miti katika misitu ya hifadhi bila kibali kunakatazwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na Kilimanjaro kuni hazitumiki kabisa, hupikwa kwa gesi au mafuta ya taa. Ufundi huo ufanyiwe mazoezi kwenye shamba la ndugu au kwenye ardhi ya kijiji baada ya kumwona mwenyekiti, ambaye atataka kujua nyinyi ni nani kabla giza halijaingia, na ana haki hiyo. Jifunze kuutambua upupu hata ukiwa mkavu, kwa sababu vinyweleo vyake hupeperushwa na upepo na kuwasha mwili mzima. Ukikupata usijisugue, vibandue kwa utepe wa gundi au donge la ugali. Na panga lisishikwe baada ya jua kuzama. Majeraha mengi ya kidole na ugoko yangeepukwa kwa kukata kuni za usiku saa 10 jioni.

Maji yahesabiwe kwa lita zisizopungua 5 kwa mtu kwa siku kwa ajili ya kunywa na kupikia, na ya mtoni yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja, au dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000, kwa kuwa huko yanatokota kabla ya kufika nyuzi 100. Wanaokwenda Kenya wakumbuke kwamba tangu Juni 2020 chupa za maji za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi zake, na Tanzania nayo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Juni 2019, kwa hiyo vyombo vya kudumu vinunuliwe mapema.

Kisha kuna uchoshi, ambao nauona kuwa umedharauliwa kuliko yote. Mkishakula saa 1 usiku na moto ukapungua, zimebaki saa nyingi ambazo simu haina mtandao, mmoja anakoroma, mwingine ananuna kwa sababu ya wali ulioungua, na kambi ya jirani ina spika. Chagueni wenzenu kwa kuangalia jinsi wanavyovumilia foleni na njaa kabla ya kuangalia wanavyochekesha. Gawaneni kazi za kupika, kuosha na kuchota maji mkiwa bado mjini, na chukueni karata, bao au redio ndogo ya kusikilizwa kwa sauti ya chini. Vizibo vya masikio vinasaidia, ila katika kambi isiyo na uzio awepo angalau mmoja asiyevivaa.

Mwisho, mtu mmoja nyumbani aachiwe kwa maandishi jina la kambi, njia mtakayopita na siku ya kurudi, pamoja na saa ambayo, asiposikia habari zenu, atapiga simu kwa askari wa hifadhi. Huyo huyo aambiwe kwamba malaria haijitokezi kabla ya siku 7 hivi tangu kuumwa, na inaweza kuchelewa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo yeyote kati yenu atakayepata homa mwezi huo aende kupimwa siku hiyo hiyo na amweleze daktari alilala wapi, na kama aling'atwa na kupe au mbung'o.