Kabla hujabandika "nyumba inauzwa"

Wewe uliyeko Shangani au Mikindani, hapa Mtwara, unayesubiri hela za korosho zitoke ndipo uuze nyumba: mtangulize fundi kabla ya dalali. Si fundi wa kuzunguka nje akisifia rangi. Apande darini na tochi, agonge kenchi (mbao zinazobeba paa) mojamoja kwa nyundo. Ikilia kama debe tupu, mchwa wameshaila ndani. (Anayekataa kupanda, mpe nauli aende zake.) Upepo wa chumvi huku hutafuna bati na misumari, na lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) ikipasuka kwa urefu, mara nyingi nondo ya ndani imeshika kutu. Nyaya aziangalie fundi umeme. Kubadili kenchi mbili ni nafuu kuliko mnunuzi azione mwenyewe, halafu akate bei mbele ya mwenyekiti wa mtaa.